Cucu alisema alikuwa mwanajeshi: tuandike nini kwenye kaburi lake?

SWALI: Cucu wetu, yaani nyanya, alifariki mwaka jana akiwa amepita miaka 90. Sasa familia inajengea kaburi lake na kuchapisha kijitabu cha maisha yake, na mimi ndiye niliyepewa kuandika. Siku zote alikuwa akisema, "Nilikuwa mwanajeshi wa msitu," ila hakupenda kueleza zaidi. Tunachojua ni kwamba alikuwa akibeba chakula na "vitu vingine" kwenye kiondo, alikamatwa, akakaa gereza la Kamiti, na mpaka uzeeni hakuvumilia sauti ya filimbi. Mjomba anasema wanawake wa Mau Mau walikuwa wapishi tu, na tukimwandika mwanajeshi tutachekwa. Karatasi yoyote hatuna. Je, mjomba ana haki? Na nianzie wapi? (Mjukuu, Nyeri)

JIBU: Pole sana kwa kuondokewa na nyanya, na hongera kwa kupewa kazi hiyo. Wengi hupewa, wakaishia kuandika mstari mmoja: "Wakati wa hali ya hatari alipata taabu." Basi, vita vizima vimekwisha hapo.

Nianze na mjomba, kwa heshima zake zote. Hayuko peke yake. Hata serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipokuwa ikieleza vita hivi vya Mau Mau, vya kupigania ardhi na uhuru, ilipenda kusema kuna wapiganaji walio msituni, halafu kuna mrengo usiopigana huko vijijini. Wanawake wengi wakatiwa kwenye kapu hilo la pili. Lakini usisikilize walivyosema, tazama walivyofanya. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa miezi mingi jeshi la Uingereza lilihangaika ndani ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ndege zikadondosha mabomu kwenye mianzi, na bado watu walikuwa huko ndani wakila na kupata habari za kila kinachotembea barabarani. Kuanzia katikati ya 1954 Waingereza wakabadilisha mbinu. Waliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee, wakawaingiza kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mitaro na miti iliyochongwa ncha. Kandokando ya msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la kama maili 50, nalo likajazwa ncha hizo hizo. Waliolichimba kwa shurti wengi walikuwa wanawake, akina nyanya yako. Waliamriwa kwa majembe yao wenyewe kukata njia waliyokuwa wakiipita usiku.

Muulize mjomba: serikali gani huchimba handaki la maili 50 kuzuia wapishi?

Wale makamanda wa Kiingereza walikuwa wameelewa kwamba bila chakula, dawa, nguo, risasi na habari kutoka nje, mtu wa msituni hamalizi mwezi. Njia hiyo yote ilipita mikononi mwa wanawake. Kukatwa kwake ndiko kulikovunja vita, na kuanzia 1955 wapiganaji waliobaki wakawa wanaishi kwa asali, mizizi na wanyama wa kutega, wakivaa ngozi. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu, kwenye mpaka na mashamba, akiwa na njaa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sasa turudi kwenye kiondo, maana hapo ndipo kijitabu chako kitakapopata uhai. Umeandika "vitu vingine" kama jambo la kupita tu. Usilipite. Bunduki nyingi za Mau Mau zilitengenezwa kwa mkono. Bomba la maji lilikuwa mtutu, komeo la mlango likawa la kusukuma risasi, msumari ulionolewa ukawa wa kuipiga, na mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli au gari ukawa wa kuvuta komeo lirudi. Hebu fikiria vitu hivyo vinapatikana wapi. Komeo na msumari viko dukani. Mpira uko kwa fundi wa baiskeli. Risasi, ambazo ndizo zilizokuwa adimu kuliko vyote, ziko kwa askari, ziibwe au zinunuliwe. Vyote hivyo vilifika msituni chini ya maharagwe, ndani ya kibuyu, au kwenye nguo za mtoto aliyebebwa mgongoni, na aliyebeba alipita kwenye kizuizi cha homugadi, yaani askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali, akijua kwamba kukutwa na risasi kulikuwa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile, baadhi yao kwa kukutwa na silaha au risasi tu, bila kushtakiwa kumuua mtu yeyote.

Kwa hiyo unapoandika, usiandike "alisaidia wapiganaji". Andika alichobeba, alikitoa wapi, alimpelekea nani, alipita njia gani. Ukipata hata viwili kati ya hivyo vinne, una ukurasa mzuri.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na hapa huenda nikakukera. Usimpandishe cheo. Watu wakishagundua kwamba nyanya yao alikuwa na habari, huwa wanataka awe Field Marshal. Anayejulikana kwa cheo hicho miongoni mwa wanawake ni mmoja, Muthoni wa Kirima, naye ametokea hapo hapo Nyeri kwenu. Ni vizuri umjue, maana maisha yake yatakuonyesha nyanya yako alikaribia wapi na aliachana naye wapi.

Muthoni alianza kama nyanya yako. Hakusoma shule. Alikuwa nje, akipeleka chakula na habari kwa watu wa msituni, na mume wake, Mutungi, alikuwa ameshaingia huko. Alipoona atakamatwa, naye akaingia. Tofauti ni kwamba hakutoka. Alikaa mpaka uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, karibu miaka kumi na mmoja ya baridi ya Nyandarua, miaka saba kati ya hiyo ikiwa baada ya Kimathi kukamatwa. Kimathi ndiye aliyemfananisha na ndege mfumaji kwa jinsi alivyokuwa akisuka mipango. Huko msituni mimba yake iliharibika, na hakuzaa tena. Alikuwa akisema Kenya ndiyo mtoto wake pekee. Baada ya uhuru serikali ya Mzee Kenyatta ilimpa kibali cha kufanya biashara ya pembe za ndovu, kazi aliyoifaa kwa kuwa aliujua msitu kama ua la nyumba yake, halafu kibali hicho kikaja kuondolewa. Kisha miaka mingi ya kimya.

Kilichomrudisha magazetini ni nywele. Alikuwa na rasta alizotoka nazo msituni, akakataa kuzinyoa mpaka aone matunda ya uhuru, na tarehe 2 Aprili 2022 zikanyolewa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya kamera. Nchi ikabishana wiki nzima: alishawishiwa, hakushawishiwa, ni siasa, si siasa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la kusikitisha, si kwa sababu ya kunyolewa, bali kwa sababu waandishi wachache mno ndio waliomuuliza kuhusu vita. Alifariki tarehe 4 Septemba 2023. Miezi minne kabla yake, Mei mwaka huo huo, alikuwa amefariki Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, aliyewahi kufungwa Kamiti kama nyanya yako. Kizazi chenyewe ndicho hicho kinachoondoka.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake hawakuzidi asilimia 5 ya watu waliokuwa wakiishi msituni. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba nyanya yako hakuwa mkazi wa msitu kama Muthoni. Alikuwa kwenye njia ya kuulisha. Aliposema "mwanajeshi wa msitu" hakudanganya: jeshi lile lilikuwa na kiapo, na aliyekula kiapo akatumwa na kutumika alikuwa ndani ya jeshi, awe alilala mbuci, yaani kambi ya msituni, au alilala kijijini. Hata Waingereza walimhukumu hivyo. Jane Muthoni Mara, mmoja wa Wakenya walioishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009, alikuwa msichana tu alipokamatwa, na kosa lake lilikuwa kuwapelekea wapiganaji chakula. Aliyofanyiwa katika kambi ya uchunguzi ya Gatithi aliyaeleza mwenyewe mahakamani, mbele ya jaji. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Hawakuulizwa nani alishika bunduki.

Hapo ndipo jibu la kaburi linapotoka. Sheria yetu haikutaki uwe na cheti ili uandike neno kwenye jiwe lako mwenyewe. Lakini jiwe husomwa na majirani, na baadhi ya majirani babu zao walikuwa homugadi, kwa hiyo andika kitu ambacho hakuna atakayekitingisha. Mimi ningependekeza, kwa jina ambalo wapiganaji wa Mau Mau walijiita wenyewe: "Mpiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru. Alifungwa Kamiti." Nukta. "Mwanajeshi mstaafu" liache. Si kwa sababu mjomba ana haki, bali kwa sababu mstaafu hulipwa pensheni, na hawa hawakulipwa pensheni yoyote. Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa chama haramu kwa mujibu wa sheria ya mkoloni hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Ndiyo maana karatasi hamna. Nani angejiandikisha kwenye chama haramu?

Tukija kwenye ushahidi, karatasi zipo, ila hazikuandikwa na marafiki zake. Nenda Hifadhi ya Taifa, pale Moi Avenue Nairobi, jengo la zamani la benki mkabala na iliyokuwa hoteli ya Hilton. Omba mafaili ya mfululizo wa JZ, ya magereza na kambi, na wa AB, ya idara ya maendeleo ya jamii. Humo ndimo yalimowekwa mambo mengi ya wanawake waliozuiliwa Kamiti. Usitarajie kukuta jina lake ukurasa wa kwanza. Ukipata barua inayoeleza jinsi wafungwa wanawake walivyopangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi kwa kadiri walivyoonekana kuacha kiapo, umeshapata dunia aliyoishi. Waliokataa kabisa kulegea walitengwa katika kambi ya Gitamayu. Kama nyanya aliwahi kulitaja jina hilo, hata mara moja, niandikie tena. Hilo ni jambo kubwa.

Majina yanapotafutwa, tafuta kwa namna zote: jina la ubatizo, jina la baba yake, jina la mume, na tahajia ya karani Mzungu aliyesikia "Wanjirũ" akaandika anachojua yeye. Usisahau pia kwamba mafaili mengi nyeti yalichomwa au kupakiwa kwenda Uingereza uhuru ulipokaribia. Yaliyopakiwa yalifichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, mpaka kesi ile ya London ilipoyafichua mwaka 2011, na sasa yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, kwenye mfululizo wa FCO 141. Kama una binamu Uingereza, mpe kazi ya Jumamosi moja.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu hawaifikirii kabisa, nayo ni ya shamba. Wakati wanaume na wanawake wako kambini, serikali ilikuwa ikiunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati, kazi iliyoongezwa kasi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Aliyekuwepo nyumbani na kuaminiwa na chifu alipimiwa vizuri. Aliyekuwa kizuizini alipimiwa penye mawe, au hakupimiwa. Uliza ukoo wenu ulikuwa na shamba wapi kabla ya 1952 na lilisajiliwa kwa jina la nani baadaye. Nimeona familia ambazo historia yote ya vita imo kwenye umbali kati ya shamba la zamani na la sasa. Lakini nakuonya, swali hili linaweza kuwasha moto kwenye mkutano wa familia. Liulize kwa mzee mmoja mmoja, si kwenye chai ya wote.

Kuhusu filimbi: katika masimulizi ya kina mama wa vijiji vile, filimbi inarudi tena na tena. Ilipulizwa alfajiri watu watoke kwenda kazi za shurti, kuchimba mtaro, kufyeka, kutengeneza barabara, na ikapulizwa jioni kila mtu awe ndani. Kijiji kilichoshukiwa kulisha msitu kilifungiwa, watu wakaruhusiwa kutoka muda mfupi tu kwa siku, mazao yakaoza shambani na watoto wakafa kwa njaa. Kwa hiyo nyanya hakuwa na kichaa kidogo cha uzee, kama nadhani baadhi yenu mlivyofikiri. Liweke kwenye kijitabu kama ulivyoniandikia mimi, bila kulieleza sana.

Na kimya chake? Kuna sababu tatu ninazozijua, na huenda zote zilikuwemo. Kiapo chenyewe kilikataza kusema, na wapo waliokiheshimu mpaka kaburini. Majirani waliompeleka kambini huenda ndio aliokaa nao kanisani miaka 50 iliyofuata, na hakutaka watoto warithi ugomvi. Halafu kuna yaliyotendwa kwenye vyumba vya kuhojiwa, ambayo mama wa Kikuyu wa rika lake hangeyataja mbele ya mwanawe wa kiume hata kwa dawa. Kama unakuta dalili za jambo la namna hiyo, si lazima liingie kwenye kijitabu. Lihifadhi kwenye daftari lako, na liwe la wanawake wa ukoo kuamua.

Karatasi zitangoja, maana ziko kwenye maboksi. Watu hawangoji. Anza na wenzake wa rika moja walio hai, hata kama wamebaki wawili, hata kama mmoja anasahau. Nenda asubuhi, wakati mzee yuko macho, na nenda na mtu anayekijua Kikuyu cha zamani kuliko wewe. Usimuulize "Mlipigana?" Atakujibu "Sisi tulikuwa wanawake tu," na hapo mlango umefungwa. Muulize walikuwa wakilala wapi. Nani alikuwa akigonga mlango usiku, na aligongaje. Walipika nini kisicho na moshi wala harufu. Kiondo cha kwenda msituni kilifumwa tofauti au ni kile kile cha sokoni. Muulize nyimbo: nyingi zilikuwa za kanisani zilizobadilishwa maneno, askari akisikia anadhani mnasali, na mzee aliyesahau jina la mwanawe atakuimbia beti zote.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Uliza ilikuwa kabla ya Lari au baada. Mauaji ya kijiji cha Lari na uvamizi wa kituo cha polisi Naivasha vilitokea usiku mmoja, tarehe 26 Machi 1953, na hakuna aliyekuwa mtu mzima wakati huo aliyesahau. Uliza alikuwa na umri gani wakati wa njaa ya mihogo ya 1943, alikuwa akichunga mbuzi au ameshavuliwa meno ya utoto. Uliza kama alipiga kura Machi 1957, Waafrika walipochagua wabunge kwa mara ya kwanza, kwa kuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura ile bila cheti cha uaminifu kwa serikali, na jibu la swali hilo dogo litakuambia familia ilisimama wapi. Uliza nani alimlea mtoto wake mkubwa alipokuwa Kamiti. Huyo aliyelea, kama yu hai, ndiye shahidi wako wa pili.

Rekodi kwa simu, simu mbili, moja ikizima nyingine iendelee. Kabla hujawasha, mwambie mzee unachotaka kufanya na sauti yake, na kama hataki jina lake litajwe, lisitajwe. Ukishachapisha kijitabu, peleka nakala Hifadhi ya Taifa na nyingine maktaba ya kaunti. Wakati wa kupeleka jina kwenye Baraza la Kitaifa la Mashujaa, lililoundwa kwa Sheria ya Mashujaa ya 2014, pia utafika, lakini hilo lina fomu na foleni yake, na sidhani ni la kukuharakisha.

Na mjomba naye mhoji. Alizaliwa lini, na alikuwa wapi mama yake alipokuwa kizuizini? Mtu anayesema "wapishi tu" kwa ukali namna hiyo, mara nyingi alikuwa mtoto aliyeachwa. Muulize nani alimpikia yeye miaka hiyo.